Kifaa kilichohesabu maneno: kisa cha Providence na tuzo ya dola milioni 5

Siku ya kurekodi ilianza asubuhi. Mtoto, tuseme wa mwaka mmoja na nusu, akishaoga na kubadilishwa nepi alivalishwa kizibao chenye mfuko kifuani, na ndani ya mfuko kikawekwa kinasa sauti kidogo kinachoenea kiganjani. Kikishawashwa, watu waliendelea na siku yao. Mtoto alikula, alilia, alitambaa chini ya meza, aliwekewa katuni, alibebwa kwenda dukani, na kifaa kikawa kinasikiliza tu, hadi saa 16 mfululizo. Baadaye mtembeleaji, yaani mfanyakazi wa kuzitembelea familia nyumbani, alikuja kukichukua, kompyuta ikachambua sauti, na katika ziara iliyofuata mzazi aliwekewa mbele yake grafu ya siku ile, saa kwa saa. Saa 3 asubuhi, maneno tele. Saa 6 mchana, kimya. Jioni, televisheni.

Mradi huo uliitwa Providence Talks, na lengo lake lilikuwa wazazi wa familia maskini wawasemeshe zaidi watoto wao wadogo. Machi 2013 uliupatia mji wa Providence, makao makuu ya jimbo la Rhode Island nchini Marekani, tuzo kuu ya dola milioni 5 katika shindano la majiji liitwalo Mayors Challenge, linaloendeshwa na Bloomberg Philanthropies, taasisi ya hisani ya Michael Bloomberg, ambaye wakati huo alikuwa bado meya wa New York.

Nimeuchagua mradi huu kwa sababu mashindano ya aina hii, jiji litoe tatizo, teknolojia ilete jawabu, mshindi apewe hundi, yamekuwa mengi, na wanaoyaingia huuliza swali moja: wazo gani litashinda? Providence inaruhusu swali lililo gumu kidogo: baada ya kushinda, ni kitu gani hasa kilichofanya kazi? Jibu langu nalitoa mapema. Majaji waliuziwa kifaa na namba. Kazi ilifanywa na mtu aliyekuja kukaa kwenye kochi. Lakini kifaa nacho hakikuwa pambo, na hapo ndipo kisa kinapokuwa kitamu.

Mji uliokaukiwa

Providence ni mji mdogo. Sensa ya 2010 ilihesabu wakazi takriban 178,000. Zamani uliishi kwa viwanda, hasa vya nguo na vya vito vya mapambo, na viwanda hivyo viliondoka kama vilivyoondoka katika miji mingi ya kaskazini mashariki mwa Marekani. Angel Taveras, aliyeingia ofisini Januari 2011, alikuwa meya wake wa kwanza wa asili ya Amerika ya Kilatini. Ni mtoto wa wahamiaji kutoka Jamhuri ya Dominika, amelelewa papo hapo Providence na mama peke yake, amepitia Head Start, ule mpango wa serikali kuu wa elimu ya awali kwa watoto wa familia maskini, na akafika Harvard. Wasifu huo una uzito katika kisa hiki. Meya mwingine angeweza kuja na wazo la taa za barabarani.

Miezi yake ya kwanza ilikuwa ya balaa. Bajeti ilikuwa na pengo la takriban dola milioni 110. Walimu wote wa shule za jiji, karibu 2,000, walipewa barua za kuwatahadharisha kwamba huenda wakapoteza ajira. Wengi wao walibakishwa baadaye, lakini barua ilikwisha kusomwa. Mji wa namna hiyo hauna hata senti ya kujaribia jambo jipya. Kila dola inayoingia ina mwenyewe: mshahara, pensheni, deni. Kwa hiyo tuzo ya shindano haikuwa sifa tu. Zilikuwa fedha pekee ambazo hakuna mtu aliyekuwa amekwisha kuzidai.

Shindano lilitangazwa Juni 2012 kwa miji ya Marekani yenye wakazi 30,000 na zaidi. Miji 305 iliomba. Ishirini ilichujwa na kuitwa New York, ambako wawakilishi wao waliyapigapiga msasa mawazo yao pamoja na wataalamu, kisha wakatuma maombi upya. Vigezo vilikuwa vinne: wazo lenyewe lina upya gani, mji unaweza kulitekeleza, litaleta badiliko gani, na je, miji mingine inaweza kuliiga.

Kigezo cha nne ndicho kilichoamua sura ya mawazo, ingawa hutajwa mwisho. Kifaa hutiwa kwenye sanduku na kupelekwa mji wa pili wiki ijayo. Muuguzi mwenye subira, anayejua jina la kila mtoto katika mtaa wake, hatiwi kwenye sanduku. Ukiweka kuigika kuwa sharti, hata kama hukukusudia, umewaambia waombaji watangulize chombo na wamfiche mtu.

Milioni 30

Kila ombi lililoshinda shindano lina namba moja inayokaa kichwani mwa jaji hata baada ya kulala. Namba ya Providence ilikuwa milioni 30: pengo la maneno anayoyasikia mtoto wa familia maskini na yule wa wazazi wenye taaluma.

Ilitoka kwa wanasaikolojia wawili, Betty Hart na Todd Risley, waliofuatilia familia 42 za Kansas City kwa miaka miwili na nusu, wakirekodi saa moja kila mwezi na kuandika kila neno. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1995 yalikuwa ya kushtua. Mtoto wa wazazi wenye taaluma alisikia wastani wa maneno 2,153 kwa saa. Wa wazazi wafanyakazi, 1,251. Wa familia inayoishi kwa msaada wa serikali, 616.

Sasa piga hesabu kama walivyopiga wao. Chukua saa 5,200 za kuwa macho kwa mwaka. Zidisha kwa 616, unapata kama milioni 3.2. Zidisha kwa miaka minne: karibu milioni 13. Fanya hivyo hivyo kwa 2,153 na unafika karibu milioni 45. Tofauti ni milioni 32, na kinywani mwa watu ikabaki 30. Hesabu yenyewe haina kosa. Tatizo ni msingi wake: saa moja kwa mwezi, mtafiti akiwa amekaa sebuleni na kinasa chake, imetanuliwa ikawa miaka minne. Na zile familia za msaada wa serikali zilikuwa ngapi? Sita. Zote za Wamarekani weusi.

Sisemi kwamba Hart na Risley waliongopa. Kazi yao ilikuwa ngumu na ya uaminifu, na hoja kwamba watoto hawasemeshwi kwa kiwango kimoja haijafutika. Lakini namba iliyotoka kwa familia sita haikupaswa kubebeshwa mzigo wa sera za miji. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi iliyotengeneza kile kifaa chenyewe walichapisha uchambuzi wa rekodi za siku nzima kutoka familia 329. Pengo walilolipata, mtoto akifika miaka minne, lilikuwa la maneno kama milioni 4. Mwaka uliofuata Douglas Sperry na wenzake, walioangalia watoto 42 katika jamii tano, walisema kwamba ukihesabu pia maneno yasemwayo na watu wengine wa nyumbani mtoto akiwepo, tofauti ndani ya tabaka moja ni kubwa mno, na lile pengo la kitabaka halionekani kama lilivyosimuliwa. Wenzao wakawajibu kwamba maneno yanayompita mtoto juu ya kichwa hayamfundishi kama yale anayoambiwa yeye. Ugomvi huo haujaisha.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko Kiingereza walichogombania. Sisi tuna kusema mbele ya mtoto, tuna kumsemesha mtoto, na tuna kusemezana naye. Ni vitendo vitatu, na mzizi ni mmoja. Sperry alihesabu cha kwanza. Wapinzani wake walitaka cha pili. Providence, kama tutakavyoona, ilishinda kwa kupima mchanganyiko wa cha kwanza na cha pili, kisha ikajikuta inahangaika na cha tatu.

Ombi lenyewe lilikuwa na namba nyingine, ya nyumbani, ambayo kwangu ina nguvu zaidi: ni mtoto mmoja tu kati ya watatu wa Providence aliyekuwa akiingia chekechea akiwa amefikia kiwango kilichotarajiwa cha kuanza kusoma na kuandika. Hiyo haikuhitaji kutanuliwa na mtu. Ilitoka madarasani.

Ndani ya mfuko wa kizibao

Kifaa kinaitwa LENA. Kilianzishwa na Terry na Judi Paul, mume na mke waliokwisha kupata utajiri kwa programu za kusomea mashuleni, na ambao walisoma kitabu cha Hart na Risley wakajiuliza kama kazi ya miaka ya kuandika neno kwa neno haiwezi kufanywa na mashine. Taasisi yao iko Boulder, Colorado. Kabla ya Providence, LENA kilikuwa hasa chombo cha watafiti na wataalamu wa matatizo ya lugha.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba kifaa hiki hakielewi neno hata moja. Hakiandiki kilichosemwa. Programu yake hutenganisha sauti: hii ya mtoto mwenye kizibao, hii ya mtu mzima wa kike, hii ya mtu mzima wa kiume, hii ya televisheni, hii kelele tu. Kisha hukadiria idadi ya maneno ya watu wazima kutokana na umbo la sauti. Pia huhesabu mara ambazo mtu mzima na mtoto wamepokezana: mmoja akitoa sauti na mwingine akamjibu ndani ya sekunde 5, hiyo ni zamu moja ya mazungumzo. Mtoto asiyejua kusema akigugumia na mama akamjibu, imehesabiwa.

Ukiziwi huo wa kifaa ulikuwa faida kubwa Providence. Katika sensa ya 2010, watu 38 kwa kila 100 walikuwa na asili ya Amerika ya Kilatini, na nyumbani kwa wengi wao lugha ilikuwa Kihispania. Chombo kisichojali lugha kiliweza kuingia nyumba zote bila mtu kuambiwa abadili maneno yake.

Lakini ukiziwi huo huo ndio udhaifu wake. Kwa LENA, "Acha! Toka hapo! Nimesema toka!" na hadithi ya sungura vinapata alama sawa, mradi idadi ya maneno ni ile ile.

Ubunifu wa Providence basi haukuwa kifaa. Kifaa kilikuwepo. Ulikuwa ni kukichukua chombo cha mtafiti na kumpa mzazi kama kioo. Mashirika yaliyokuwa tayari yakizitembelea familia zenye watoto wadogo yalipewa vifaa na mafunzo. Mtembeleaji aliingia, akakaa, akafungua grafu, na mazungumzo yakaanza: hapa saa 11 jioni palikuwa na nini? Mnaweza kufanya nini wakati wa kuogesha? Vipi ukimsimulia unachofanya unapokunja nguo?

Nadhani huu ndio uhandisi wa kweli wa mradi, na haumo kwenye kifaa. Mtu aliyewahi kufanya kazi ya kutembelea familia anajua ugumu wa kumwambia mama, uso kwa uso, kwamba hamsemeshi mwanawe vya kutosha. Ni tusi, hata likisemwa kwa upole. Grafu iliondoa tusi. Mtembeleaji na mama walikaa upande mmoja, wote wawili wakiitazama karatasi. Karatasi ndiyo iliyosema.

Nani mwingine anasikiliza?

Tuzo ilipotangazwa tu, tawi la Rhode Island la ACLU, chama cha kutetea haki za raia, lilieleza wasiwasi. Na si wasiwasi wa kupuuzwa. Kinasa kinachofanya kazi kutwa nzima hakimnasi mtoto peke yake. Kinamnasa baba anayegombana kwa simu na mwenye nyumba, jirani aliyekuja kulia, mgeni ambaye hata hakuambiwa kuna kitu kifuani mwa mtoto. Kinainasa nyumba ya maskini, na si ya tajiri, kwa kuwa mradi ulilenga familia maskini. Je, polisi wakiitaka ile sauti? Je, mahakama inayoamua mzozo wa malezi?

Mama anaweza kukataa, naam. Lakini anayemletea ombi ni mtembeleaji yule yule anayemletea huduma nyingine, na kumkatalia mtu anayekusaidia kuna gharama yake hata kama hakuna anayeitaja. Fomu ya ridhaa haiwezi kupima hilo.

Jibu la mradi lilikuwa la kiufundi, na kwa maoni yangu lilikuwa sahihi: sauti ilifutwa baada ya kuchambuliwa, zikabaki namba tu. Hakuna mtu aliyekaa kusikiliza rekodi. Usalama ulijengwa kwa kuharibu ushahidi badala ya kuahidi kuutunza vizuri. Miji mingi hufanya kinyume. Hukusanya kila kitu, huweka kila kitu, halafu huandika sera ya faragha ya kurasa 40.

Uamuzi huo ulikuwa na bei. Sauti ikishafutwa, hakuna anayeweza kurudi nyuma na kuuliza yale maneno 12,000 ya Jumanne yalikuwa ya namna gani. Tathmini zote za baadaye zilibaki na namba zisizo na sauti. Ningekuwa mimi ningelipa bei hiyo pia, ila ningeiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa kila ripoti.

Matokeo, na jinsi ya kuyasoma

Familia za kwanza ziliingia mwaka 2014. Mradi ulianza kwa majaribio ya familia chache, ukarekebishwa, kisha ukapanuliwa. Ripoti za awali za jiji zilitia moyo: familia zilizoanza na hesabu ya chini ziliongeza maneno ya siku kwa kama nusu, kutoka takriban 8,000 hadi takriban 12,000.

Msomaji makini anatakiwa kusimama hapo. Chagua watu waliopata alama ya chini siku moja, uwapime tena baadaye, na wengi watapanda hata usipowafanyia chochote. Labda siku ile ya kwanza mtoto alikuwa na homa. Labda mama alitoka zamu ya usiku akalala hadi mchana. Siku mbaya hufuatwa na siku ya kawaida, na ongezeko hilo la kurudi kwenye wastani linaingia kwenye grafu likiwa limevaa nguo za mafanikio. Bila kundi la kulinganisha, la familia zinazofanana na hizo ambazo hazikutembelewa, huwezi kujua ni kiasi gani cha ongezeko kilikuwa cha mradi.

Kisha kuna siku ya kurekodi yenyewe. Mzazi anajua kifaa kinasikiliza. Atazima televisheni, atasema zaidi. Watu wengine wangeiita hiyo hila. Mimi siioni hivyo. Mtu anayejua kwamba leo anapimwa na akaamua kuzungumza na mwanawe amekwisha kuonyesha kwamba anaweza. Swali ni la siku nyingine, siku zisizo na kizibao, na hizo hakuna aliyezirekodi.

Katikati ya haya yote, kipimo chenyewe kilihama. Wakati wa kuomba tuzo, hadithi ilikuwa ya idadi ya maneno. Kadiri miaka ilivyokwenda, waliokuwa karibu na kazi walizidi kutazama zile zamu za mazungumzo. Utafiti ukawaunga mkono. Mwaka 2018 timu iliyoongozwa na Rachel Romeo, iliyofanya kazi MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, iliwapima watoto 36 wa miaka minne hadi sita kwa LENA na kwa picha za ubongo. Watoto waliokuwa na zamu nyingi zaidi walionyesha utendaji mkubwa zaidi katika eneo la Broca, sehemu ya ubongo inayohusika na lugha, bila kujali kipato cha wazazi wala idadi ya maneno waliyoyasikia. Mwaka huo huo watafiti wa LENA walichapisha kazi nyingine iliyohusisha zamu za mtoto wa miezi 18 hadi 24 na uwezo wake wa lugha miaka kumi baadaye. Ya pili naipokea kwa tahadhari kidogo, maana mpishi ndiye anayetusifia chakula, lakini inakwenda njia moja na ya kwanza.

Kwa mradi maana yake ilikuwa kubwa. Mzazi aliyeambiwa "ongeza maneno" anaweza kuongea peke yake kutwa kama redio. Mzazi aliyeambiwa "subiri akujibu" anafanya kitu kingine kabisa: ananyamaza kidogo, anamtazama mtoto, anangoja. Ni kutoka kusemesha kwenda kusemezana. Ile milioni 30 iliyoshinda tuzo, ndani ya miaka mitano, ilikuwa kipimo ambacho wenye mradi wenyewe walikuwa wamekivuka.

Fedha za tuzo ziliruhusu hilo. Zilikuwa za utekelezaji wa miaka kadhaa, na kazi iliachwa ijirekebishe njiani. Ruzuku iliyofungwa kwenye kiashiria kimoja, "ongezeko la maneno kwa asilimia fulani ifikapo mwaka fulani", ingewalazimisha waendelee kuhesabu kitu walichokwisha kujua si chenyewe.

Houston, kwa kulinganisha

Miji mingine minne ilipata dola milioni 1 kila mmoja mwaka ule: Chicago, Houston, Philadelphia na Santa Monica. Houston ndiyo iliyopendwa kuliko yote na umma. Kura za wasomaji mtandaoni ziliichagua. Wazo lake liliitwa One Bin for All. Wakazi wangetupa taka zote kwenye pipa moja, na kiwanda chenye mashine za kisasa kingezichambua, chuma huku, karatasi kule, mabaki ya chakula yakageuzwa nishati.

Kiwanda hicho hakikujengwa. Mji ulihitaji mwekezaji binafsi wa kukijenga. Watetezi wa mazingira walipinga, wakisema karatasi iliyolala na mabaki ya chakula haina tena mnunuzi. Mameya wakabadilika, na wazo likafa polepole bila mazishi.

Ukiyaweka mawazo haya mawili sambamba, tofauti si kwamba moja lilikuwa la kijanja zaidi. Houston ilitumia teknolojia kumwondolea mkazi kazi ya kutenganisha taka, ikategemea mtambo ambao haukuwepo na mtaji ambao haukuwa wake. Providence ilitumia kifaa kilichokwisha kuwepo, kikaenda mikononi mwa watembeleaji waliokwisha kuwepo, katika nyumba zilizokwisha kuwafungulia mlango. Kifaa kikiharibika siku moja, mtembeleaji bado anabisha hodi. Mtambo wa Houston usipokuja, hakuna kitu.

Meya aliondoka, mradi ukabaki

Taveras aligombea ugavana mwaka 2014 akashindwa na Gina Raimondo katika kura za mchujo za chama chao. Januari 2015 Providence ikawa na meya mpya, Jorge Elorza. Kwa kawaida mradi wenye jina la mtangulizi hupewa mwaka mmoja wa heshima kisha huzimwa. Elorza aliuendeleza. Fedha zilizobaki zilisaidia, bila shaka, na kuua mradi ambao magazeti ya nchi nzima yameuandika si rahisi. Mbali na ziara za nyumbani, yaliongezwa makundi ya wazazi wanaokutana pamoja, na kazi na walezi wanaotunza watoto wadogo. Gharama ya ziara ya mtu mmoja kwa familia moja ndiyo iliyosukuma hilo zaidi ya nadharia yoyote.

Mwaka 2019 Bloomberg Philanthropies ikatoa fedha kwa miji mitano kuiga: Birmingham, Detroit, Hartford, Louisville na Virginia Beach. Kigezo cha nne kilitimia. Ila kila mji kati ya hiyo ulipaswa kwanza kujibu swali ambalo sanduku la vifaa halikulijibu: nani atakayebisha hodi?

Shindano lenyewe nalo halikubaki vile vile. Awamu ya 2018 nchini Marekani iliweka hatua ya majaribio katikati. Miji 35 ilipewa hadi dola 100,000 kila mmoja na miezi sita ya kujaribu wazo lake mitaani, kisha ndipo 9 ikachaguliwa na kupewa dola milioni 1. Awamu ya dunia nzima ya 2021 ilipokea maombi ya miji 631, ikachuja 50, na kati ya washindi 15 walikuwemo Freetown, Kumasi na Kigali. Kuweka jaribio kabla ya hundi kubwa naona ni badiliko lenye thamani kuliko ukubwa wa hundi. Wazo kama la Houston lingekutana na mnunuzi wa karatasi mapema, kabla ya picha za ushindi.

Hata hivyo kuna jambo ambalo hatua ya majaribio hailigusi. Jaribu kuliandika upya ombi la Providence kwa ukweli tunaoujua sasa: tunaomba dola milioni 5 kwa ajili ya watembeleaji wa nyumbani, wengi wao wanaozungumza Kihispania, walipwe vizuri kiasi cha kutohama kazi kila mwaka, wawe na kifaa kidogo cha kuwapa la kuanzia mazungumzo. Kati ya miji 305, ombi hilo lingekuwa la ngapi? Sidhani lingefika New York.